Rudia hapo mwisho

Jumapili usiku, Kirumba, Mwanza.

Leo zamu ya kuchagua kitabu ilikuwa yangu, nikapeleka diwani, yaani kitabu cha mashairi. Nilijua nitapigwa madongo. Mwaka wa pili huu tunakutana barazani kwa shangazi, na tumesoma riwaya tupu. Ushairi huwa tunaubakizia dakika za mwisho, chai ikishamiminwa na mtu mmoja ameshaanza kutafuta viatu vyake.

Nilipeleka *Kichomi* ya Euphrase Kezilahabi kwa makusudi. Ni mtu wa hapo ng'ambo tu, Namagondo, Ukerewe. Ukipanda meli ya Nansio unakwenda kwao. Lakini barazani kwetu Kezilahabi ni yule wa *Rosa Mistika*, basi. Ile tuliijadili mwezi mzima, watu wakanuniana kwa sababu ya baba yake Rosa na ukali wake. Riwaya ilitoka 1971, diwani 1974, mkono ni uleule. Ukiitaja diwani, wenzangu wanatazama ziwa.

Mwalimu, mzee wetu mstaafu, alifungua ukurasa akaanza kuhesabu mizani, silabi za kila mshororo, kwa kugonga meza kwa kidole. Mshororo wa kwanza ukapita. Wa pili, kidole kikabaki hewani.

"Hili si shairi, mwanangu. Vina hakuna, mizani hakuna. Hii ni barua iliyokatwakatwa."

Ugomvi huohuo uliwatoa jasho washairi wetu miaka ya 1970, na mimi nilifurahi kuusikia hapa. Angalau mtu anabisha! Kwenye riwaya kuna wa kumlaumu na wa kumwonea huruma, maneno hayaishi. Kwenye shairi tunasema "zuri sana" tunanyamaza. (Nami nimo. Nimewahi kusema "lina ujumbe mzito" juu ya shairi ambalo sikuelewa hata mshororo mmoja.)

Umeme ukakatika, kama kawaida. Nikawasha tochi ya simu, nikasoma shairi moja fupi kwa sauti, nikiogopa ule ukimya. Dada mmoja anayeuza dagaa pale Mwaloni, ambaye biashara haijamwachia nafasi ya kumaliza riwaya yetu hata moja, akasema gizani:

"Rudia hapo mwisho."

Nikarudia.

"Tena, shemeji. Polepole."

Mara ya tatu alilitamka neno la mwisho kabla yangu, kwa sauti ya chini, kama mtu anayeonja mchuzi. Halafu akauliza kwa nini mstari umekatwa pale na si mbele kidogo. Tukakaa kwenye swali hilo moja mpaka chai ikapoa. Miezi yote ya riwaya, hakuna aliyewahi kuniambia nirudie sura.

Mwalimu anashikilia kwamba ile ni barua. Ila kitabu kakiazima, kaondoka nacho kwapani. Eti akahesabu vizuri kwenye mwanga.