Kumbukumbu ya mradi: daftari la kikoba lilivyohamia kwenye seva

Daftari la kikoba chetu, ambalo nimekuwa nikilijenga jioni jioni kwa lugha ya Python na Django, mfumo wake wa kujengea tovuti, sasa limetoka kwenye laptop na kukaa kwenye seva ya kukodi yenye Ubuntu (aina ya Linux), prosesa ya kiini kimoja na RAM ya GB 1. Linaandika hisa wanazonunua wanachama, mikopo, marejesho, faini na mfuko wa jamii, na mwisho wa mzunguko linatakiwa kutoa hesabu ya mgawanyo siku ya kuvunja kikoba. Kwenye laptop lilikuwa limetulia kwa muda mrefu. Kumbukumbu hii inahusu yaliyojitokeza baada ya kuhama, na karibu yote yalijitokeza bila mstari hata mmoja wa programu kubadilishwa.

Mpangilio wa seva ni wa kawaida. Ombi la mwanachama linatoka kwenye kivinjari cha simu yake na kupokelewa na Nginx, programu ya mapokezi, ambayo inamalizana na mambo ya HTTPS (usimbaji wa mawasiliano) na kulipitisha kwenye soketi (faili maalumu ambayo programu mbili huzungumzia) hadi kwa Gunicorn. Gunicorn inalikabidhi kwa mmojawapo wa michakato yake (nakala za programu zinazofanya kazi sambamba) inayoendesha Django, na Django ndiyo inayouliza hifadhidata, PostgreSQL. Kwenye laptop kazi ya Nginx na Gunicorn ilikuwa ikifanywa na amri moja tu ya Django, runserver. Kwa hiyo kitu kikigoma, swali la kwanza ni hili: ni nani kati ya hawa aliyejibu? Ukurasa mweupe ulioandikwa "502 Bad Gateway", na neno nginx chini yake, umetoka kwa Nginx yenyewe, na kuchimbua faili za Django kabla ya kusoma logi (orodha ya matukio) ya Nginx ni kujitafutia usiku mrefu.

Jumamosi: 502

Maana ya 502 ni kwamba Nginx iko hai lakini haikupata jibu la maana kutoka kwa kilicho nyuma yake. Logi ya /var/log/nginx/error.log ndiyo inayopambanua, na namba iliyo ndani ya mabano ndiyo ya kuangaliwa. Namba 2 inasema faili ya soketi haipo mahali Nginx ilikoelekezwa. Namba 13 inasema ipo, ila mtumiaji www-data, ambaye Nginx hufanya kazi kwa jina lake, hana ruhusa ya kuifikia. Namba 111 inasema soketi ipo lakini hakuna anayesikiliza upande wa pili. Kwangu ilikuwa 2, jambo linaloweza kumfanya mtu ahangaike na anwani ya faili kwa saa nzima ilhali anwani ni sahihi. Gunicorn huifuta soketi yake inapozimika kwa utaratibu, hivyo programu inayokufa wakati wa kuwaka nayo huonekana kama soketi isiyokuwepo.

Amri ya systemctl status, ya systemd inayosimamia huduma za seva, ilionyesha huduma ikiwaka na kufa mfululizo, na journalctl -u kikoba -n 50, inayosoma logi ya huduma hiyo, ikatoa sababu kwenye mistari ya mwisho: KeyError, yaani kukosekana kwa kigeu DB_PASSWORD chenye nenosiri la hifadhidata. Kigeu hicho kilikuwepo kwenye .bashrc, faili ya mipangilio inayosomwa mtu anapoingia kwenye seva, ndiyo maana programu iliwaka vizuri ilipoendeshwa kwa mkono baada ya kuingia kwa SSH. Systemd haisomi .bashrc ya mtu yeyote. Vigeu vyote sasa viko kwenye faili moja inayotajwa na mstari wa EnvironmentFile ndani ya faili ya huduma, na ruhusa yake ni 600 (mwenye faili tu ndiye anayeisoma na kuiandika). Anayenakili mistari yake kutoka .bashrc aondoe neno export mbele ya kila mstari, kwa maana systemd huuhesabu mstari wa namna hiyo kuwa batili na kuuruka, halafu mtu anabaki akiapa kwamba kigeu amekiweka.

Ukurasa bila mavazi

Programu ilipowaka ilikuja na maandishi matupu: hakuna rangi, hakuna jedwali lililopangika. Hili linajulikana kwa yeyote aliyewahi kupandisha Django, kwa kuwa DEBUG (hali ya kuonyesha makosa kwenye skrini) ikiwa False, yaani imezimwa, runserver huacha kugawa faili tuli, kama picha na CSS ya rangi na mpangilio, na Gunicorn haijawahi kuwa na kazi hiyo. Ni lazima zikusanywe kwa amri ya collectstatic na kugawiwa na Nginx. Hayo yalikuwa yamefanyika. Kivinjari kilikuwa kikipewa 403, yaani kunyimwa ruhusa, na 403 hiyo ilitoka kwa Nginx.

Amri iliyomaliza ubishi ni namei -l, ambayo huchukua njia nzima ya faili na kuonyesha ruhusa za kila folda, hatua kwa hatua kutoka kwenye mzizi. Faili ya CSS ilikuwa na ruhusa zote za kusomwa, folda yake pia, na folda iliyo juu yake pia. Kizuizi kilikuwa folda ya mtumiaji ndani ya /home, iliyoandikwa drwxr-x---. Kuanzia Ubuntu 21.04, folda ya mtumiaji mpya huundwa ikiwa imefungwa kwa watu wengine, na www-data hawezi hata kupita kwenda ndani. Miongozo mingi ya zamani ya kupandisha Django iliandikwa kabla ya badiliko hilo, ndiyo maana anayeifuata neno kwa neno hukwama hapa. Wapo wanaoshauri kulegeza ruhusa za /home; mimi nilihamishia faili tuli kwenye /var/www, kwa sababu folda ya mtumiaji ina funguo za SSH na vitu vingine ambavyo Nginx haina haja ya kukaribia.

Nembo ya kikoba peke yake iliendelea kukataa kwa 404, yaani haipatikani. Faili iliitwa Nembo.png na kiolezo cha ukurasa kiliandika nembo.png, Windows haioni tofauti, Linux inaiona.

Fomu zinakataliwa

Jumapili mweka hazina alianza kuingiza michango. Kurasa zote alizisoma, lakini kila alipobonyeza "Hifadhi" alijibiwa 403. Ni namba ileile ya siku iliyotangulia, ila safari hii ukurasa uliandikwa na Django na ulitaja CSRF, kinga dhidi ya fomu zinazotumwa kutoka tovuti nyingine, kwa hiyo suala la ruhusa za faili halikuhusika kabisa.

Kuanzia toleo la 4.0, Django hulinganisha kichwa cha Origin (mstari wa ombi unaotaja tovuti lilikotoka) kinachotumwa na kivinjari na anwani ambayo yenyewe inaamini kuwa inatumika. Kivinjari kilisema https, kwa kuwa mwanachama anafika kwa HTTPS. Lakini HTTPS inaishia kwa Nginx, na ombi linaloingia Gunicorn ni la HTTP tu, kwa hiyo Django ilidhani anwani yake inaanza na http na kukataa kila fomu. Dawa ina pande mbili: Nginx iambiwe kupeleka kichwa cha X-Forwarded-Proto, kinachosema ombi lilifika kwa http au https, na Django iambiwe kukiamini kwa kutumia SECURE_PROXY_SSL_HEADER. Upande wa pili usiwekwe bila wa kwanza, kwani kama Nginx haiandiki kichwa hicho yenyewe, mtu yeyote kutoka nje anaweza kukituma na kuidanganya programu. Nimeona pia programu ambayo SECURE_SSL_REDIRECT imewashwa bila mpangilio huu: inamrudisha mtumiaji kwenye https, inaona bado ni http, inamrudisha tena, mpaka kivinjari kinakata tamaa.

Picha za risiti zilizogoma kupanda zilikuwa jambo dogo. Nginx, isipoelekezwa vingine, hukataa ombi linalozidi MB 1 na kujibu 413, na picha ya simu ya siku hizi huzidi kiasi hicho kwa urahisi. Ombi halifiki Django kabisa, kwa hiyo logi ya Django inakaa kimya. Kigezo ni client_max_body_size. Nimekiweka MB 8.

Jumla inayobadilika

Hitilafu iliyonichukulia muda mwingi haikuleta namba yoyote ya kosa. Mweka hazina aliandika kwenye WhatsApp: "Mwanangu, hela ya kikoba inapanda na kushuka." Aliambatanisha picha mbili za skrini, zilizopigwa kwa kufuatana. Ya kwanza ilionyesha jumla ya hisa shilingi 2,340,000, na ya pili 2,265,000. Tofauti ni 75,000, sawasawa na hisa za mwanachama wa mwisho kuingizwa. Kila alipofungua ukurasa upya ilikuja mojawapo, bila mpangilio. Katika kikoba, jumla inayoshuka yenyewe inaweza kumtia mweka hazina kwenye kikao kirefu na kigumu, kwa hiyo jambo hili lilitangulia mengine yote.

PostgreSQL ilipoulizwa moja kwa moja kwa amri yake ya psql ilijibu 2,340,000 kila mara. Logi ya Nginx ilikuwa na 200 tupu, yaani maombi yaliyofaulu. Kuwasha Gunicorn upya kuliondoa tatizo mpaka mchango mwingine ulipoingizwa, nalo likarudi. Dawa ya kuwasha upya inatuliza watu, na kwa sababu hiyohiyo inafuta ushahidi.

Kilichofichua mambo ni kuongeza chini ya ukurasa, kwa maandishi madogo, namba ya mchakato inayotolewa na os.getpid(). Namba zilizojitokeza zilikuwa tatu. Moja kati yake ilikuja na jumla mpya daima, na nyingine mbili zilikuja na ya zamani daima. Ukurasa wa jumla ulikuwa ukihifadhi hesabu yake kwenye kamusi ya Python (orodha inayokaa kwenye kumbukumbu ya mchakato) iliyo juu ya moduli, yaani faili ya programu, na kamusi hiyo ilifutwa kila mchango mpya unapoingizwa. Kwenye laptop runserver ina mchakato mmoja unaojibu maombi, kwa hiyo anayeandika na anayesoma wanatazama kumbukumbu ileile. Gunicorn ilikuwa imewashwa na michakato mitatu, kwa ile kanuni inayopendekezwa ya viini mara mbili ukiongeza kimoja, na michakato hiyo ni kama makarani watatu wa meza moja ambao kila mmoja ana daftari lake: aliyepokea mchango anafuta ukurasa wake, na wenzake wanaendelea kusoma wa kwao kwa kujiamini kabisa.

Kwa wanaofikiria kuhamishia hesabu ya namna hiyo kwenye kashe ya Django, yaani hifadhi ya muda ya majibu, waangalie kwanza ni kashe ya aina gani. Ile inayokuja bila kupangwa ni LocMemCache, nayo hukaa ndani ya kila mchakato peke yake, kwa hiyo tatizo litabaki lilelile likiwa na jina jipya. Inayofaa ni ile ambayo michakato yote inaifikia, kama Redis au jedwali la kashe ndani ya hifadhidata. Kwa upande wangu niliiondoa kashe kabisa. Kumbukumbu za kikoba cha mtaa ni chache mno kwa PostgreSQL, na kujumlisha hisa zote kunachukua milisekunde. Sioni faida ya kutunza jibu ambalo ni rahisi hivyo kuliuliza upya. Namba ya mchakato haionekani tena kwenye ukurasa, lakini sasa inaandikwa kwenye kila mstari wa logi ya programu.

Saa

Muhtasari wa kila siku ulipangwa kwenye cron, programu ya seva inayoendesha kazi kwa saa maalumu, utumwe saa mbili usiku, ukaanza kuwafikia watu saa tano, wengine wakiwa wamelala. Mstari wa cron ulisema 20, na seva inatumia UTC, saa ya kimataifa, ambayo iko nyuma yetu kwa saa tatu. Nimeandika 17 na kuiacha seva kwenye UTC, kwa kuwa hapa kwetu saa haisogezwi mbele wala nyuma kwa majira ya mwaka, na napenda logi zote zizungumze saa moja.

Jambo la pili la saa lilikuwepo hata kwenye laptop, ila hakuna aliyewahi kuitumia programu usiku wa manane. Mweka hazina huingiza michango watoto wakishalala, na malipo ya saa sita na nusu usiku yaliandikwa kwenye ripoti kuwa ya siku iliyotangulia. Ripoti hiyo ilikuwa na SQL (lugha ya kuuliza hifadhidata) iliyoandikwa kwa mkono, ikikata tarehe kutoka kwenye muda uliohifadhiwa, na Django huweka muunganisho wake wa PostgreSQL kwenye UTC pale USE_TZ, mpangilio wake wa kanda za saa, inapowashwa. Kila kilichoingizwa kati ya saa sita usiku na saa tisa alfajiri kilirudishwa siku moja nyuma. Sasa SQL inabadili muda kwenda Africa/Dar_es_Salaam kwanza, ndipo inakata tarehe.

Kilichobaki

Mara mbili nimeulizwa kwa nini siiwashi DEBUG kwenye seva nione kosa lote kwenye skrini. Ukurasa ule unaanika vipande vya programu, njia za faili na mipangilio mingi kwa yeyote anayefika wakati kosa linatokea. Journalctl inanipa maelezo yaleyale bila hadhira. Ninapotaka kujua kama tatizo ni la Nginx au la programu, natumia amri ya curl --unix-socket kuongea na Gunicorn moja kwa moja, nikitaja kichwa cha Host chenye anwani halisi, maana bila hicho ALLOWED_HOSTS, orodha ya anwani ambazo Django inazikubali, itajibu 400 na kuleta fumbo jingine.

Nakala rudufu ya hifadhidata inatoka kila usiku kwa pg_dump, nayo nimeshairejesha kwenye laptop na kulinganisha jumla za hisa na faini na zile za kitabu cha mweka hazina. Ukurasa wa marejesho ya mikopo bado haujapanda. Kabla haujapanda, ninaendesha programu kwenye laptop kwa Gunicorn yenye michakato mitatu, ndani ya mashine pepe ya Ubuntu iliyo kwenye UTC, na nimeshaona kwamba hesabu ya riba ya mkopo unaoiva tarehe ya kwanza ya mwezi inahitaji kuangaliwa upya.