Alinisaidia kupamba

Saa sita na nusu usiku. Nunu kalala, Baba Nunu kalala, mama ambaye jumanne alitolewa mtoto wa jicho na atakuwa kwetu mpaka mwisho wa mwezi naye kalala na kile kikinga jicho chake cha plastiki, mi niko macho kwa sababu ya neno moja tu. Kupamba.

Ile prezentesheni ya bodi imepita jamani. Alhamisi. Imepita vizuri, bodi imekubali, tunaongezewa watu wawili na nasikia mimi ndo nitawasimamia, sasa mtu mwenye akili timamu angekuwa anakoroma saa hizi kwa furaha. Lakini ngoja niwaambie.

Mzee wa Mishale, yule mzee wa ofisini kwetu anayejaza mishale kwenye kila slaidi, sina haja ya kumtambulisha tena, post ya mwezi jana ilimtosha. Jumatatu asubuhi alinishea faili, nafungua nakuta slaidi 41, kila nafasi tupu imejazwa mshale, mshale wa kupinda, mshale wa kuzunguka, kuna mmoja ulikuwa unaelekea mshale mwenzake na hakuna kitu kingine hapo. Nikamwambia mzee hii ni nusu saa tu tumepewa, nikamtajia ile kanuni ya Guy Kawasaki, yule mwandishi wa mambo ya biashara, ya mwaka 2005, slaidi 10, dakika 20, herufi zisishuke chini ya saizi 30, akaniangalia akaniuliza "Kawasaki huyu si wa pikipiki?" Basi nikajua kazi ni yangu. Tukaishia slaidi 12.

Sasa slaidi ya 7. Hiyo ndo yenye kesi. Ilikuwa inaonyesha ombi la mteja likiingia kwetu linatumia muda wapi mpaka lijibiwe. Yeye alikuwa kaweka duara la vipande tisa, rangi tisa, tena limelazwa ile staili ya 3D ambayo kipande cha mbele kinaonekana kikubwa hata kama ni kidogo, na pembeni orodha ya rangi, kwahiyo unaangalia kipande, unakimbilia orodha, unarudi, ushasahau ni kijani ipi kati ya zile kijani mbili. Jumanne usiku nimetoka hospitali na mama, nimekaa jikoni na laptopu, nikalifuta lote. Nikaweka nguzo za kulala, tisa, kutoka ndefu mpaka fupi, nane zote kijivu na ile moja ya juu rangi ya chungwa, ambayo ni muda wa kusubiri saini. Na kichwa cha slaidi, badala ya "Mchanganuo wa muda", nikaandika "Muda wetu unaishia kwenye kusubiri saini". Basi. Nikaiangalia nikajisikia fundi kweli kweli.

Siku yenyewe mambo yalikuwa mengi, siyarefushi. Alibeba faili kwenye flashi wakati nilimuomba abebe na PDF, kompyuta ya pale haina ile fonti yake anayoipenda, vichwa vya habari vikashuka mstari na kukalia picha. Halafu projekta ikawa inaonyesha kila kitu kilichopo kwenye skrini yake pamoja na zile noti za msemaji, bodi nzima ikasoma "hapa nyamaza kidogo, mwangalie mwenyekiti". Na kweli akanyamaza na akamwangalia mwenyekiti. Nilijing'ata ulimi. Dogo wa mafunzo, yule tuliyempokea mwezi jana, akatoka kule nyuma kwenye nyaya akaja kuitenganisha ile skrini fasta bila kelele.

Tumefika mwisho, mwenyekiti akasema "nirudishieni ile ya saba". Mzee wa Mishale akaanza kurudi moja moja kutoka ya 12, na kila slaidi ina vitu vyake vya kuruka na kuingia, kwahiyo vinaruka kinyumenyume, mshale unatoka, duara linatoka, nakaa pale navishika vidole vyangu mwenyewe maana unaandika tu 7 halafu Enter, unafika. 7, Enter. Nimemwambia hilo mara ngapi.

Ikafika. Mwenyekiti akavua miwani.

"Hii nimeielewa kabla hujaniambia kitu. Nani kaifikiria?"

"Aa, mheshimiwa, kazi tumefanya pamoja. Mama Nunu hapa alinisaidia kupamba."

Na mimi, nisikilizeni, mimi mwenyewe kwa mdomo wangu, nikatabasamu nikasema:

"Ndio, rangi rangi tu."

Watu wakacheka kidogo, kile kicheko cha heshima, tukaendelea na mengine.

Rangi rangi tu! Nani kanituma? Nimeosha vyombo nikiwa nasema peke yangu "samahani mwenyekiti, slaidi hii niliiunda upya". Nimeisema kwenye foleni, nimeisema bafuni. Kuna toleo la upole, "mzee alileta takwimu, mimi nikatafuta namna ya kuzionyesha", hilo ndo zuri zaidi na lingemtosha kila mtu, limenijia ijumaa saa tano asubuhi, siku nzima imeshapita. Kinachouma sio yeye, yeye hata hakuwa na nia mbaya, naamini kwake kila kisichokuwa mshale ni pambo. Kinachouma ni kwamba nilipewa nafasi na nikaikunja mwenyewe nikamrudishia.

Leo usiku usingizi umegoma nikaanza kusoma historia ya PowerPoint, ile programu ya kutengenezea slaidi, msiniulize kwanini. Robert Gaskins aliandika wazo lake kwenye kurasa mbili mwaka 1984, halafu Dennis Austin ndo akakaa kuiandika programu yenyewe, ilikuwa iitwe Presenter wakabadilisha, ikatoka 1987 kwa ajili ya Macintosh, na mwaka huo huo Microsoft wakainunua kampuni nzima kwa dola milioni 14. Nikawaza sasa hapo ukiuliza nani katengeneza, utamtaja yupi? Aliyeandika kurasa mbili au aliyekesha? Mi moja kwa moja nikasimama upande wa Austin. Aliyekesha bwana! Nikasema sawa, mimi ndo Austin, na ushahidi ninao.

Maana ushahidi upo. Tulifanyia kazi faili la mtandaoni, na faili la mtandaoni halisahau, unafungua historia ya matoleo unaona kila mtu na rangi yake na saa yake. Nikafungua. Mimi zambarau, mzee kijani. Jumanne, 23:52, slaidi ya 7, zambarau tupu kuanzia juu mpaka chini. Nikapiga picha ya skrini. Nikaikata vizuri. Nilikuwa nishafungua gurupu la ofisi na maneno nishayaandika, "Kumbukumbu tu 😊", yaani ile kejeli yenye tabasamu ambayo kila mtu anaijua.

Halafu nikasema ngoja nichukue na toleo la jumatatu ili waone kabla na baada. Nikarudi kwenye faili, na katika kubonyeza bonyeza nikafungua orodha ya maoni yote. Yale uliyoyafunga kwa kuweka tiki hayafutiki mjue, yanajificha tu. Yapo yote pale yamepangwa.

Jumatatu, 15:10. Slaidi ya 7. Dogo wa mafunzo.

"Samahani dada, hizi rangi tisa zote za nini? Kwani si tuonyeshe tu hiyo ya kusubiri saini, nyingine ziwe kijivu?"

Chini yake mimi, 15:12.

"Tutaangalia. Asante kwa kusoma."

Na tiki.

Nimeyasoma sijui mara ngapi. Naapa kwamba jumanne usiku pale jikoni sikumkumbuka hata kidogo, wazo lilikuja kama langu kabisa, na sura yangu kabisa. Dakika mbili! Sikumpa hata tatu. Na nimekumbuka kitu kingine, mzee alitaka dogo apewe uhariri, mimi ndo nilisema hapana, apewe kutoa maoni tu asije akatuvurugia. Kwahiyo hata hiyo historia ya matoleo ninayojitapia nayo hapa, yeye hawezi kuifungua, mwenye kuhariri tu ndo anaiona. Alichonacho ni lile swali lake na asante yangu.

Sasa naanza kuicheza upya alhamisi yote na sipendi ninachokiona. Mwenyekiti anauliza nani kaifikiria. Mimi namtazama mzee. Lakini kule nyuma karibu na nyaya dogo alinyanyua kichwa, nilimuona kwa pembe ya jicho, nikadhani anaangalia kama projekta imezima. Na tulivyokuwa tunatoka, kabeba adapta mkononi na waya wake kauzungusha vizuri, akaniambia "Dada, ile ya saba imetoka vizuri."

Nikamwambia "Asante!" Kwa furaha. Nilifikiri ni sifa. Siku mbili hizi ilikuwa ndo faraja yangu pekee, kwamba angalau dogo kaona kazi yangu.

Labda ilikuwa sifa kweli. Sauti yake ilikuwa ya kawaida tu. Nimejaribu kuirudia kwa kila namna, imetoka vizuri, imetoka vizuri, na kila nikirudia inabadilika.

Picha ya skrini nimeifuta, na ile "kumbukumbu tu" nimeifuta. Nikayafungua upya maoni yake nikaandika "Hili wazo lilikuwa", nikaishia hapo, nikawaza ataletewa taarifa kwenye simu saa saba usiku kutoka kwa bosi wake mtarajiwa atadhani kafukuzwa, nikafuta. Jumatatu nitampa uhariri kwanza. Halafu sijui nitaongea na nani nianze, yeye au mwenyekiti, maana nikianza na mwenyekiti mzee wa watu ataonekana muongo, na muongo wa kwanza pale nilikuwa mimi niliyesema rangi rangi tu, au wa pili, sijui mnahesabuje.

Mama kakohoa sasa hivi huko chumbani. Waliniambia asikohoe sana wala asiiname. Nimeenda kumchungulia, kalala chali kama walivyosema, mkono kifuani. Nikarudi kufunga milango ndo nimekumbuka, ufunguo wa mlango wa nyuma sijauona tangu alhamisi asubuhi. Kwenye begi la laptopu haupo, nimelimwaga lote hapa mezani, kuna ile remoti ya slaidi isiyo na betri na kalamu nne. Baba Nunu alisema ninao mimi, Nunu alisema anao bibi. Kwa sasa nimeegemeza kiti.