Jumamosi Baada ya Maziko

Mwinjilisti wetu tulimzika Alhamisi moja ya Machi 2011, masika yakiwa ndiyo kwanza yanaanza, kwenye kihamba chake, shamba la ukoo lenye makazi, huku Machame, Kilimanjaro. Udongo ulikuwa umelowa, unanata kwenye makoleo, na vijana waliokuwa wakifukia walilazimika kusimama mara kwa mara kuukwangua kwa kisigino. Matarumbeta yalipigwa tangu mwili unatoka kanisani hadi tunafika kwenye migomba. Mimi sikuimba.

Sikuwahi kumwita kwa jina. Kwetu alikuwa Mwinjilisti, basi. Mchungaji alifika mtaani kwetu mara moja kwa mwezi kwa ajili ya Chakula cha Bwana. Siku nyingine zote, wagonjwa, ugomvi wa mipaka, watoto walioacha shule, vilikuwa mzigo wake. Baba yangu alipofariki, nikiwa katikati ya mafunzo ya kipaimara, nilikataa kurudi darasani. Alikuja jioni na tochi, akakaa na mama jikoni, akanywa chai, hakunihubiria. Alipoondoka alisema tu, "Mwanangu, kiti chako kipo." Jumamosi iliyofuata nilikwenda. Miaka ilipita, akanifanya msaidizi wake katika darasa hilohilo.

Kipaimara chetu Walutheri ni Katekisimo Ndogo, kijitabu cha mafundisho ya imani kwa maswali na majibu, kile alichokiandika Martin Luther mwaka 1529 ili hata baba wa nyumbani aweze kuwafundisha wanawe. Kila kipengele kina swali lake: maana yake nini? Mwinjilisti alikuwa na swali hilo kila mahali. Ukimwambia "Nimeokoka," atakuuliza taratibu, "Maana yake nini?" Si kwa kukutega; alitaka ujue unachokisema.

Msibani watu walinifariji kwa wema. Mmoja baada ya mwingine walinishika mkono wakisema, "Usilie, ameacha mbegu, anaishi ndani yenu." Niliitikia asante. Lakini moyoni nilijua hilo halinitoshi. Sikutaka mafundisho yake yaishi. Nilimtaka yeye, na kikohozi chake kabla ya sala, na koti lake la kahawia lililochakaa viwikoni.

Ijumaa usiku binti yake aliniletea daftari la darasa. Lilikuwa limejaladiwa kwa karatasi ya mfuko wa saruji, kona zimeshonwa kwa uzi mweusi, limewekwa ndani ya mfuko wa nailoni lisilowe. Nililifungua mwishoni. Chini ya mahudhurio ya mara ya mwisho, kwa mwandiko wake ulioinamia kushoto, alikuwa ameandika somo la Jumamosi inayokuja: Imani, sehemu ya tatu. Ndiyo sehemu ya Roho Mtakatifu, ya ondoleo la dhambi, ya ufufuo. Nililifunga. Nilikusudia kuwaambia watoto hakuna kipindi.

Walikuja wote 23, mvua ikinyesha, wengine wamejifunika majani ya migomba. Wakakaa kimya kimya. Sikuweza kuwarudisha. Tukaanza kusoma pamoja, na tulipofika kwenye ufufuo, msichana mmoja wa mbele akauliza lile swali, kwa sauti ndogo, akinitazama usoni: "Mwalimu, maana yake nini?"

Nikashika lililo karibu. Nikaanza kusema kwamba mgomba ukishakatwa mkungu hufa, lakini pembeni yake… Nikanyamaza. Nilikumbuka miaka ya nyuma nilimjibu Mwinjilisti hivyohivyo, akatikisa kichwa. "Hapana, mwanangu. Chipukizi ni mgomba mwingine. Ule wa kwanza umekufa kabisa. Tomaso hakuoneshwa Yesu mwingine. Alioneshwa yuleyule, na alama za misumari mikononi."

Nikawaambia watoto hivyo, neno kwa neno. Nikawaambia kwamba tuliyemweka kwenye udongo juzi, Bwana anamjua kwa jina, na siku ya mwisho atamwamsha yeye mwenyewe, si kumbukumbu yake. Machozi yakanishinda katikati ya sentensi. Sikuyafuta. Niliwahi kumwona Mwinjilisti analia kwenye kaburi la mkewe, wazi mbele ya mtaa mzima, na mzee mmoja alipomkemea kuwa mtumishi halii, alimjibu kwa Maandiko: Yesu akalia machozi, naye alijua anakwenda kumfufua Lazaro. Paulo naye hakuwakataza Wathesalonike kuhuzunika. Alisema wasihuzunike kama wengine wasio na matumaini.

Nilikuwa nimeyasikia hayo mara nyingi. Siku ile, kwa mara ya kwanza, niliyaegemea kwa uzito wangu wote, nayo yakanibeba. Uchungu ulibaki palepale ulipokuwa. Lakini niliweza kupumua, na nilipoongoza wimbo wa kufunga kipindi, sauti ilitoka.

Watoto walipokwisha kuondoka nilibaki kwenye benchi lake. Nikaweka alama za mahudhurio, majina yote 23. Kisha chini yake, kwa kalamu yake iliyokuwa imefungwa kwenye daftari kwa uzi, nikaandika somo la wiki inayofuata: Sala ya Bwana. Baba yetu uliye mbinguni. Maana yake nini?