Kardinali aliyelipa jeshi la Kilutheri

Hapa Kibuye nawashonea watu wa kila dhehebu. Wiki hii mezani kuna kanzu za watumishi wa altare, kanzu za waumini wa kanisa la Roho zenye msalaba mwekundu kifuani, na sare za kwaya moja ambayo bado nawadai. Sasa Mwalimu, katekista wa mtaani kwetu, amekuja kupimwa, akanieleza kwamba Vita vya Miaka Thelathini vya Ulaya, 1618 hadi 1648, vilikuwa vya Wakatoliki na Waprotestanti, kwisha maneno.

Nikamuuliza, "Mwalimu, nani alikuwa analipa?" Mimi kwaya siitambui kwa nembo ya kifuani. Naitambua kwa aliyetuma pesa.

Januari 1631, katika mji wa Bärwalde, Ufaransa ilikubali kumlipa Gustavus Adolphus, mfalme Mlutheri wa Uswidi, thaler 400,000, sarafu za fedha za Ujerumani, kila mwaka. Yeye aweke vitani askari wa miguu 30,000 na wapanda farasi 6,000. Mlipaji ni serikali ya Kardinali Richelieu. Kardinali kamili, wa Roma! Hofu yake ilikuwa ukoo wa Habsburg, Wakatoliki wenzake, walioibana Ufaransa, huku Hispania, kule Ujerumani. Hata hivyo aliweka sharti: kila mji utakaotekwa, Wakatoliki waachwe wasali.

"Basi aliwapenda Waprotestanti," akasema Mwalimu.

Wapi! Huyo huyo alikuwa ameuzingira mji wa La Rochelle, ngome ya Waprotestanti wa Ufaransa, akaziba bahari kwa ukuta ili meli za Uingereza zisipite na chakula. Mji uliposalimu amri Oktoba 1628, kati ya watu kama 27,000 walibaki kama 5,000. Njaa ilimaliza wengine.

Sisemi imani ilikuwa kisingizio tu. Mwaka 1629 Kaisari Ferdinand II, Mhabsburg aliyetawala Ujerumani, aliamuru mali za Kanisa zilizochukuliwa na Waprotestanti tangu 1552 zirudishwe, na naamini alifanya hivyo kwa moyo wake wote. Lakini angalia Magdeburg. Mei 1631 majeshi ya Kaisari yaliuteketeza mji huo wa Kilutheri, wakafa watu kama 20,000. Gustavus hakuwahi kufika kuuokoa, kwa sababu watawala wa Brandenburg na Saxony, majimbo ya Ujerumani, Waprotestanti vilevile, walisitasita kumpa njia. Hili ndilo linaloniudhi kuliko la kardinali.

Mwalimu akashusha mikono, nami bado sijamaliza kupima mabega. "Na Papa je, alinyamaza?"

Urbano VIII, Papa wa wakati huo, naye hakuwa na raha na Habsburg. Hispania ilishika Naples kusini mwake na Milan kaskazini, yeye katikati. Papa aliyemfuata, Inosenti X, ndiye aliyeulaani mkataba wa amani wa 1648. Waliouandika walikuwa wameshamtangulia: waliweka kifungu kwamba pingamizi lolote, hata la kanisa, halitauvunja.