Navara imetoka kufanyiwa tabo, mbona haina nguvu?

Wadau, hii ya tabo (turbo, ile feni inayosukuma hewa kwenye injini) kufunguliwa na kurekebishwa halafu gari inarudi nzito kuliko mwanzo inasumbua wengi, hasa hizi Navara D40 za injini ya YD25. Mafundi wengi wanakimbilia ile skrubu ndogo ya kuzuia lever (mkono unaogeuza vanes, vile vibapa vidogo vya kuelekeza moshi ndani ya tabo), jamani ile muiache kabisa, inasetiwa kwenye mashine ya kupima hewa na ukishaipoteza kuirudisha kwa macho ni kazi ya kubahatisha.

Anza na hozi za vakyumu (mipira midogo ya kunyonya hewa) na mabomba ya intakula (intercooler, kipoza hewa ya tabo), moja ikivuja utasingizia tabo bure. Kisha chukua pampu ya mkono ya vakyumu uvute akchueta (kile kikopo cha tabo chenye fimbo inayovuta lever), fimbo inatakiwa ipande taratibu bila kukwama na ikae hapohapo, ikishuka yenyewe ujue daiframu (mpira wa ndani ya akchueta) imetoboka. Zote zikiwa safi ndo unagusa nati ya fimbo: kuifupisha kunafunga vanes mapema so presha ya tabo inapanda haraka, kuirefusha kunapunguza. Nusu mzunguko tu, unaenda kutest mlimani na skana (kifaa cha kusoma kompyuta ya gari) ikiwa imechomekwa, sio kwa kusikiliza mluzi. Presha ikizidi, gari inajikata nguvu yenyewe, hapo rudisha kidogo.