Kompyuta ya Mtumba Haijafa kwa Sababu Windows 10 Imeachwa

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilisitisha rasmi huduma kwa Windows 10, mfumo endeshi uliokuwa sokoni tangu Julai 2015, na tangu hapo ndugu, majirani na wanafunzi wamekuwa wakiniuliza swali lile lile: je, sasa nitafute kompyuta nyingine? Jibu langu ni hapana. Ninalieleza hapa kwa kirefu kwa sababu naona watu wengi wakijiandaa kutumia fedha wasizokuwa nazo kutatua tatizo ambalo limo kwenye programu, wala si kwenye mashine.

Nianze na maana ya kusitishwa huko, kwa kuwa uvumi ni mwingi. Kompyuta yenye Windows 10 haijazimwa na mtu yeyote, na kesho asubuhi itawaka kama kawaida. Kilichokoma ni yale masasisho ya bure ya usalama yaliyokuwa yakija kila mwezi kuziba mianya ambayo wadukuzi huitumia kuingia. Mtumiaji wa kawaida amepewa nafasi ya kuongeza mwaka mmoja, hadi Oktoba 2026, kwa kulipa dola 30 au kwa kukubali kuoanisha mipangilio ya kompyuta yake na akaunti ya Microsoft. Baada ya hapo, kila mwanya utakaogunduliwa utabaki wazi, na kwa mtu anayefungulia akaunti yake ya benki kwenye kompyuta hiyo hiyo, hilo si jambo la kupuuza.

Njia inayopendekezwa na Microsoft ni kuhamia Windows 11, na hapo ndipo kompyuta nyingi za huku kwetu zinapogonga mwamba. Windows 11 inataka chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0 na, isipokuwa kwa modeli chache, prosesa ya Intel ya kizazi cha 8 au kipya zaidi, yaani zile zilizoanza kutoka katika nusu ya pili ya mwaka 2017. Sasa ingia maduka ya Kariakoo, au ya Luthuli Avenue kule Nairobi, uangalie kilichopangwa mezani: HP EliteBook 840 G3, Dell Latitude E7470, ThinkPad T460. Hizi ni mashine za ofisini za mwaka 2016, zenye prosesa za kizazi cha 6, zilizoshuka huku baada ya makampuni ya ng'ambo kubadilisha vifaa vyake. Hata TPM 2.0 ikiwemo ndani yake, prosesa haimo kwenye orodha, na mlango umefungwa. Wapo mafundi wanaoukwepa ukaguzi huo na kuipiga Windows 11 hivyo hivyo, na mara nyingi inakubali, lakini Microsoft haitoi ahadi yoyote kwamba kompyuta ya namna hiyo itaendelea kupata masasisho, kwa hiyo mwenye mashine anarudi pale pale alipokuwa.

Ninasikitika sana kuona kompyuta hizi zikiitwa taka, kwa maana ninazifahamu kwa ndani. Chukua hiyo 840 G3. Ukiondoa kifuniko cha chini kwa bisibisi ya kawaida, unakuta nafasi mbili za RAM, yaani kumbukumbu ya kufanyia kazi, unazoweza kuzijaza hadi GB 32, nafasi ya diski ya SATA, nafasi nyingine ya diski ya M.2, na betri iliyoshikiliwa na skrubu chache tu. Kadi ya Wi-Fi inachomoka. Feni inasafishika. Prosesa ya i5-6300U iliyomo kwenye nyingi kati yake ina viini viwili na inaweza kufika kasi ya GHz 3, nguvu inayotosha kuandika tasnifu, kufanya hesabu za duka, kujifunza Python, kuangalia video na kuhudhuria kikao cha mtandaoni. Linganisha na kompyuta nyingi nyembamba za sasa, ambazo RAM yake imechomelewa kwenye bodi, kiasi kwamba ukinunua yenye GB 8 utazikwa nayo na GB 8 zake. Kwa mtu anayeishi mbali na kituo cha huduma cha kampuni, ubora wa kompyuta unaanzia kwenye uwezekano wa kufunguliwa na fundi wa mtaani, na mimi kipimo hicho nakiweka mbele ya wembamba na mbele ya mwaka wa kutengenezwa.

Lakini mbona kompyuta hizi huenda polepole namna hii? Hilo ndilo swali la haki, na majibu yake ni mawili. La kwanza ni diski. Kompyuta nyingi za mtumba bado zina diski ya kuzunguka, ambayo kichwa chake cha kusomea lazima kisogee huku na huku kufuata kila faili, na mfumo wa siku hizi unafungua maelfu ya faili ndogo kabla hata hujaona eneokazi. Badilisha diski hiyo kwa SSD, diski isiyo na kitu kinachozunguka ndani yake, hata ile ndogo ya GB 240, na kompyuta itakuwa nyingine kabisa. Kama una fedha ya kufanya jambo moja tu, fanya hilo, bila kujali utatumia mfumo gani.

Jibu la pili ni uzito wa programu zenyewe, na hapa nina msimamo mkali. Mwaka 1995 Niklaus Wirth, mwanasayansi wa Uswisi aliyebuni lugha ya Pascal, aliandika kwamba programu zinazidi kuwa za polepole kwa kasi kubwa kuliko ile ambayo vifaa vinazidi kuwa vya haraka. Miaka 30 baadaye hali imekuwa mbaya zaidi. Programu kama Slack, Discord na VS Code zimejengwa juu ya Electron, mbinu ambayo kila programu inabeba ndani yake nakala nzima ya injini ya kivinjari cha Chromium. Ukifungua tatu kwa pamoja, umefungua vivinjari vitatu kabla hujafungua kivinjari chako mwenyewe. Mtengenezaji anapata nafuu, kwa sababu anaandika mara moja na programu inakwenda kwenye Windows, Mac na Linux, na nafuu hiyo ninaitambua. Ila gharama yake haikufutika. Imehamishiwa kwa mwenye kompyuta ya GB 4, ambaye hakuulizwa, na ambaye sasa anaambiwa kwamba kosa ni lake kwa kutokuwa na mashine mpya.

Ndiyo maana nashauri Linux, mfumo endeshi wa bure unaoweza kuwekwa mahali pa Windows, na nashauri bila kusitasita. Linus Torvalds, wakati huo mwanafunzi wa Helsinki, aliitangaza Agosti 1991 akisema anaifanya kama jambo la kujifurahisha tu. Leo ndiyo kiini cha kila simu ya Android, na tangu Novemba 2017 kompyuta zote 500 zilizo kwenye orodha ya kompyuta zenye nguvu kuliko zote duniani zinaendeshwa nayo. Kwetu sisi, hata hivyo, umuhimu wake uko kwingine. Hakuna kampuni moja yenye uwezo wa kuamka siku moja ikaitangaza kompyuta yako kuwa imepitwa na wakati. Debian 13, mojawapo ya matoleo ya Linux, iliyotoka Agosti 2025, itatunzwa kwa miaka 5, na inafanya kazi vizuri kwenye mashine za mwaka 2016 na hata za kabla ya hapo. Ni kweli kwamba toleo hilo haliwekwi tena moja kwa moja kwenye kompyuta za biti 32, lakini hizo ni kongwe mno kulinganisha na ninazozizungumzia.

Kwa anayehama kutoka Windows kwa mara ya kwanza, chaguo langu ni Linux Mint yenye eneokazi la Xfce. Menyu iko chini kushoto pale mkono ulipozoea, LibreOffice imo tayari, na baada ya kuwaka mfumo mzima kwa kawaida hautumii RAM nyingi. Ukitaka kushusha faili dogo zaidi, lile la kuanzia la Debian halifiki GB 1, nalo linakuruhusu kuchagua kitakachofuata, jambo lenye thamani kubwa kwa anayenunua bando. Tena kuna suala la masasisho. Kwenye Mint na Debian unaandika `sudo apt update`, inayoshusha orodha tu ya vilivyopo, halafu `sudo apt upgrade`, na kabla ya kupakua masasisho yenyewe unaonyeshwa orodha ya kila kitakachobadilishwa pamoja na jumla ya ukubwa wake kwa MB, kisha unaulizwa kama uendelee. Ukijibu hapana, hakuna sasisho linaloshuka. Wengi tumewahi kuona bando la wiki likiisha kwa usiku mmoja bila mtu kugusa kibodi, na wanaoishi kwa intaneti isiyo na kikomo ni vigumu kuelewa kwa nini swali hilo fupi la ndiyo au hapana ni heshima kubwa kwa mtumiaji.

Ipo pia habari ya Windows zilizochakachuliwa. Kompyuta nyingi huku huuzwa na Windows na Office ambazo leseni yake imevunjwa kwa programu iliyotoka mahali pasipojulikana, na programu hiyo, ili ifanye kazi, hutaka kwanza uzime kinga ya virusi. Fikiria unachokubali hapo: unampa mtu usiyemjua mamlaka yote juu ya kompyuta yako huku umemfukuza mlinzi. Siwalaumu wanaofanya hivyo, maana bei ya leseni halali haikupangwa kwa kuangalia mishahara yetu. Ninachosema ni kwamba Mint na LibreOffice ni halali kwa yeyote, shuleni, ofisini na dukani, na mtu anaweza kumgawia jirani yake kwenye flashi bila kuvunja sheria yoyote.

Nisiwadanganye kuhusu mipaka yake. Mchora ramani anayetegemea AutoCAD, msanifu anayekula kwa Photoshop na Illustrator, na mhasibu ambaye faili zake za Excel zimejaa makro, yaani amri za kujiendesha zenyewe, hao wabaki kwenye Windows, walipie ule mwaka wa nyongeza, na wajipange taratibu kununua mashine yenye prosesa ya kizazi cha 8. Programu iitwayo Wine inaweza kuendesha baadhi ya programu za Windows ndani ya Linux, lakini siwezi kumshauri mtu aweke riziki yake juu ya bahati hiyo. Michezo kadhaa ya mtandaoni inakataa kabisa kwa sababu ya programu zake za kuzuia udanganyifu. Kadi za Wi-Fi za Broadcom nazo husumbua mara kwa mara, ilhali zile za Intel kwa kawaida zinafanya kazi papo hapo.

Kuna kikwazo kingine, nacho kimetokana na sisi wenyewe tunaopenda mambo haya. Mgeni anauliza namna ya kuunganisha printa, anajibiwa akasome mwongozo. Mwingine anataja Ubuntu, toleo jingine la Linux, watu wanaanza kubishana kuhusu toleo gani ni la watu wa kweli, na swali lake linasahaulika. Tabia hii ina mizizi mirefu katika utamaduni wa watengenezaji programu, na hata Torvalds mwenyewe, Septemba 2018, aliomba radhi hadharani kwa lugha kali aliyokuwa akiitumia dhidi ya wachangiaji wa kiini cha Linux, akakaa pembeni kwa muda. Niliuheshimu uamuzi ule kuliko nilivyoheshimu matoleo mengi ya programu yake. Kama tunataka mwalimu wa shule ya kata aitumie Linux, basi tumsaidie kuunganisha printa yake, tena kwa lugha anayoielewa na bila kumfanya ajione mjinga.

Mwisho ni ushauri kwa anayekwenda kununua. Andaa flashi yenye Linux Mint, uende nayo dukani, umwombe muuzaji akuruhusu kuwasha kompyuta kupitia flashi hiyo. Mfumo utafunguka bila kugusa chochote kilichomo kwenye diski. Jaribu Wi-Fi, kamera, spika na kila kitufe cha kibodi. Kisha fungua dirisha la amri na uandike `upower -d`. Kwenye maelezo ya betri utaona mistari miwili, `energy-full` na `energy-full-design`: wa kwanza ni umeme ambao betri inaweza kushika sasa, wa pili ni ule iliotoka nao kiwandani. Ukikuta Wh 20 dhidi ya Wh 46, betri hiyo imebakiwa na chini ya nusu ya uwezo wake, na bei ishuke kwa kiasi cha betri mpya. Usiondoke kabla hujaingia kwenye mipangilio ya BIOS, programu ya msingi inayoiwasha kompyuta. Ikiwa inadai nenosiri la msimamizi ambalo muuzaji halijui, iache hapo hapo, hata kama bei yake ni ya kutupa, kwa sababu kwenye mashine nyingi za ofisini nenosiri hilo halifutiki kwa kuchomoa betri ndogo ya bodi, na siku utakayohitaji kubadilisha mpangilio wa kuwasha, hakuna fundi wa kawaida atakayeweza kukufungulia.