Siku 15 ambazo sikuziona

Meneja wangu ameshaamua: nisome MBA, shahada ya uzamili ya biashara. Hoteli italipa nusu ya ada, nami nitabaki kazini miaka 3 baada ya kumaliza. Masomo ni ya mtandaoni, miaka 2, usiku nikishafunga vitabu. Mhasibu wa miaka 34 mwenye watoto wawili akikataa hilo atakuwa na wazimu. Barazani wameshanieleza hivyo, tena bila kuulizwa.

Sheria, ninayoitaka mimi, hesabu yake ni nyingine. Shahada miaka 4, kisha Kenya School of Law, chuo cha kufundishia mawakili, kama mwaka na nusu, pamoja na miezi ya kumfuata wakili ofisini kwake. Mitihani 9. Nitagonga 40 kabla ya kuapishwa. Masomo ya jioni yenyewe yako Mombasa, na kutoka Lamu huko si mwendo wa jioni: boti hadi Mokowe, halafu basi la kutwa kupitia Witu na Malindi. Ni kuhama tu. Afadhali sheria ya Kenya School of Law, ya 2012, inataja B ya Kiingereza au ya Kiswahili katika mtihani wa kidato cha nne. Kiingereza nilipata B-. Kiswahili, alhamdulillahi, A.

Mwaka jana mama mmoja, jirani yangu hapa Langoni, alinijia baada ya magharibi na karatasi aliyoifunga kwenye pindo la leso.

"Mwanangu, hebu nisomea. Hini yanena nini?"

Alikuwa amemdhamini mwanawe kwa mashine ya boti ya mkopo. Anadaiwa 186,400. Nikachomoa kalamu, nikapiga riba mstari kwa mstari, nikakuta wamemzidishia shilingi 2,150. Nilijiona bingwa! Nikamwambia asihofu, siku akiitwa kortini nitamwandikia kosa hilo amwoneshe hakimu.

Ukurasa wa kwanza, juu kidogo ya muhuri wa korti, ulisema ajibu ndani ya siku 15. Sentensi ile niliisoma. Niliisoma nikaipita, kama mtu apitavyo anwani kwenye bahasha.

Basi hakuitwa. Siku zilikwisha, mdai akaomba hukumu, akapewa. Deni la kiasi kinachojulikana ndivyo linavyokwenda usipojibu. Akatafutwa wakili Malindi kuomba hukumu iondolewe. Iliondolewa, ila malipo yake yalizimeza zile 2,150 zangu mara kumi na zaidi. Kosa la riba wakili alilitaja kwa mstari mmoja, mwishoni.

Mama hakunilaumu. Ramadhani ilipoingia akaniletea mahamri, kama kila mwaka. Angenitukana ningelala.

Najua naionea MBA. Meneja wangu anayo, na hoteli imesimama kwa sababu yake. Lakini hodi zinazopigwa kwangu usiku si za watu wanaotaka bajeti. Huja na ilani, mkataba wa shamba, fomu ya fidia. Mwaka 2018 Mahakama Kuu iliposema wavuvi wa Lamu walipwe shilingi bilioni 1.76 kwa madhara ya bandari, wazee walinijia niwaeleze uamuzi ule. Niliwaeleza ile namba, kwa ufasaha mkubwa.

Juzi nimetuma maombi ya sheria. Meneja sijamwambia. Mke wangu aliuliza jambo moja tu: ada ya muhula wa kwanza itatoka wapi? Nikamjibu nina hisa yangu kwenye boti ya ami. Akaninyamazia. Ami mwenyewe bado hajaulizwa.